Nilimpeleka Tatu Karolina Akapike

Nilikwenda Marekani kwa sababu ya ukwe. Mwanangu Nassor, aliyezaliwa Stockholm na kukulia huko huko, mtaa wa Hässelby, alikuwa amehamia Charleston, Karolina Kusini, akaoa huko harusi ya ofisini yenye watu wanne. Mimi mama yake nikaletewa habari kwa simu, mambo yamekwisha. Nilinuna miezi miwili. Hatimaye mama yake mke, mwanamke mweusi wa huko aitwaye Ernestine, alinipigia mwenyewe akasema tuwafanyie vijana karamu, watu wa pande mbili waonane. Hapo nikalainika. Nanyi mnajua, kwa wakwe huendi mikono mitupu, na mimi nilitaka wale pilau ambayo hawataisahau. Basi nikamchukua Tatu.

Tatu nimemjua tangu nilipopata akili. Tumekulia Pangani, ua mmoja, yeye akinizidi miaka minne. Mwaka 1985 mama yangu alimleta Stockholm aje kunilelea Nassor, maana mimi nilikuwa nasomea uuguzi. Alikaa kwangu miaka mitano, kisha akapata kazi ya usafi hotelini na nyumba yake mtaa wa Hallonbergen, akahama. Lakini kila nikiwa na shughuli, iwe Idi, iwe hitima, Tatu huja asubuhi, hujifunga kanga kiunoni, huingia jikoni. Hakuna aliyemwita. Wageni wakila sebuleni, yeye hula jikoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Watoto wangu humwita Tatu, basi, bila Bi wala Mama wala Shangazi, kama nimwitavyo mimi. Yeye huniita Bi Salma. Nikiulizwa na Watanzania wenzangu wa Stockholm huyu ni nani, nilikuwa nikijibu, "Ni mtu wetu wa nyumbani," na nikijiona mkarimu.

Aprili 2009, asubuhi, tulikutana Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm. Mimi nina sanduku jipya la magurudumu, yeye ana begi lililojaa bizari nzima, iliki, mdalasini na mwiko wake wa mti. Pale kwenye ukaguzi kijana aliutoa ule mwiko akaugeuza geuza, akamuuliza Tatu kwa Kiswidi ni kitu gani. Tatu akamjibu kwa Kiswidi kilichonyooka kuliko changu kwamba ni kalamu yake. Kijana akacheka, akaurudisha. Kabla ya hapo, binti aliyepokea mizigo alikuwa ametuuliza kama sisi ni ndugu. Nilisema hapana, tena haraka, kana kwamba nimeulizwa kama nimebeba kisu. Tatu alikuwa akifunga zipu ya begi lake, hakuinua kichwa.

Jioni ya siku hiyo hiyo kwa saa za huko, baada ya kubadilisha ndege Newark, tuliteremka Charleston. Kule Stockholm tuliacha vijilundo vya theluji chafu pembeni mwa barabara, hapa hewa ilikuwa nzito, yenye joto na harufu kama ya tope la mikoko, hata Tatu akasimama mlangoni akavuta pumzi na kusema, "Bi Salma, hapa si Pangani hapa?" Nassor alikuwa anatungoja na mkewe Denise na mama mkwe wake. Akatutambulisha. "Huyu mama yangu. Na huyu shangazi yangu, Tatu."

Shangazi. Nilihisi uso umenipanda joto. Leo nikiandika nataka kusema kwamba niliona haya kwa kuwa mwanangu alikuwa amenipita adabu. Si kweli. Niliona haya kwa kuwa watu wageni wangedhani Tatu ni wa damu yetu. Na Bi Ernestine akazidisha: alimkumbatia Tatu kwanza, kisha mimi. "Mkubwa huanza," alisema.

Siku mbili za mwanzo tulikaa nyumbani kwa Bi Ernestine, nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo huwezi kuikatiza. Kila mlo ulikuwa na wali, mweupe au mwekundu wa nyanya, nami nikajisikia niko kwa watu. Chakula kilipoandaliwa mara ya kwanza, Tatu alichukua sahani yake akaelekea jikoni. Bi Ernestine akamfuata, akamrudisha amemshika kiwiko, akamkalisha.

"Mbona ananikimbia?" aliniuliza.

"Ndivyo alivyozoea," nikasema.

Tatu alikula ameinamisha macho, na mimi nilikula vibaya zaidi yake. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akitafuna.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, Bi Ernestine alitupakia garini sote, na Nassor na Denise, kwenda kuona jumba la shamba la kale. Ndilo shamba la mpunga walikozaliwa watu wake, alisema, na yeye hupeleka huko kila anayeingia katika ukoo wake. Sasa ni mahali pa watalii. Unaingia kwa lango la matofali, halafu kuna njia ndefu iliyonyooka, mialoni mikubwa kushoto na kulia, imeshikana matawi juu, na mimea ya kijivu inaning'inia kama ndevu. Mwisho wa njia ndipo jumba lilipo, jeupe, lina nguzo na roshani. Nilisema ni zuri. Lilikuwa zuri. Watu walikuwa wakipiga picha, na palikuwa na bango kwamba harusi hufanyika pale Jumamosi.

Lakini kabla ya jumba, kando ya ile njia, yamepangwa mabanda ya matofali, chumba kimoja kimoja. Nilidhani ni maghala. Mwongoza wageni, mama wa Kizungu mwenye kofia ya ukili, akatueleza kwamba ni nyumba za watumwa, na kwamba mwenye shamba aliziweka mbele makusudi, mgeni wake akija ahesabu utajiri kabla hajafika mlangoni. Akatuonyesha tofali moja lenye alama za vidole, vidole vidogo vya mtoto aliyelibeba kabla halijakauka. Bi Ernestine aliweka vidole vyake juu ya zile alama. Havikuenea. Nikajua kila akija hufanya hivyo.

Kwetu Pangani mabanda yalikuwa nyuma. Sisi tulikuwa na nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi, na minazi mpaka mtoni, na uani nyuma ya kisima kulikuwa na vibanda vinne vya udongo. Walikaa humo watu tulioambiwa ni "wa uani". Hatukula kwao. Hawakuingia kwa mlango wa mbele. Nikiwa mtoto niliwahi kumuuliza mama kwa nini, akaniambia mavi ya kale hayanuki, nisiyachokore. Tatu alizaliwa katika kibanda cha tatu.

Katika banda la mwisho waliweka vyombo vya kazi: kinu cha gogo, michi miwili, na ungo mpana wa majani uliosukwa mzunguko kwa mzunguko. Yule mama alianza kueleza jinsi mpunga ulivyotwangwa. Tatu alikuwa amesogea mbele. Akamuuliza kwa Kiingereza chake cha hotelini kama anaweza kuushika ungo, na mama akasema huu ni wa kuigiza, shika tu. Palikuwa na mpunga kidogo ndani. Tatu alipiga pepeta mbili tatu, mikono yake ikiinuka na kushuka bila yeye kuiangalia, makapi yakaruka upande wake na mchele ukabaki katikati. Watalii wakapiga makofi. Mama mwenye kofia akasema amefanya kazi hapa miaka mingi na hajaona mtu akifanya vile.

Mimi nilikuwa nimesogea hadi mlangoni. Nilitamani auweke chini. Nilijiambia, huyu ananiaibisha mbele ya wakwe, ataonekana mtu wa shamba. Hilo ndilo lililonipitia moyoni, ndani ya banda la watumwa, na siwezi kuliandika kwa namna ya kulipendezesha.

Tulipotoka, Bi Ernestine alinishika mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Bibi yake bibi yangu alipepeta hapa," alisema. "Niambie, Salma. Watu wako nao waliuzwa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Jua lilikuwa zuri, hakuna aliyekuwa na haraka. Nikasema, "Ndiyo. Kwetu watu waliuzwa sana."

Sikumdanganya kwa neno hata moja, mkitaka kuhesabu maneno. Waliuzwa kweli. Sikusema tu ni nani aliyekuwa akinunua. Bi Ernestine alinikumbatia kwa muda mrefu, na juu ya bega lake nikamwona Tatu, amesimama na makapi kwenye kanga yake, akinitazama. Hakukunja uso. Nassor naye alikuwa amesikia, akaniuliza kwa Kiswidi, wenyeji wasielewe, "Mamma, kwa nini unasema hivyo?" Nikamwambia anyamaze.

Saa sita hivi tulifika makaburini. Ni msitu mdogo ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya zamani, hauna jiwe lenye jina. Ni mabonde tu ya ardhi iliyobonyea, na magamba ya chaza ambayo watu huyaacha juu yake. Bi Ernestine alitoa daftari mkobani, akasoma majina ya wazee wake aliyoyatafuta maisha yake yote. Mengine yalikuwa nusu. Mengine yalikuwa "mtoto wa fulani". Kisha akaniomba mimi, mama wa bwana harusi, niseme neno kwa lugha ya nyumbani, kwa niaba ya waliobaki Afrika.

Nikasema. Niliwaombea marehemu, nikasema sisi ndugu zenu tumekuja, hatujawasahau. Nikalia, na Denise akalia. Nilikuwa nalia kweli, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba machozi yalikuja yenyewe kana kwamba yana haki.

Nilipomaliza, Tatu akasogea hatua moja. Hakuombwa. Akasema polepole, kwa Kiswahili, "Faida. Mabruki. Zafarani. Na Majaliwa aliyefia njiani." Akarudi nyuma.

"Amesema nini?" Bi Ernestine akaniuliza.

Faida ni bibi yake Tatu, mama wa mama yake. Alinunuliwa mtoto, akitokea bara, upande wa Nyasa, na aliyemnunua ni baba yake babu yangu. Mabruki ndiye mume aliyepewa. Siri ya mtungi aijuaye kata: majina haya nilikuwa nayajua, maana yalikuwa yakitajwa kwetu kwa mzaha, mtu akivaa hovyo huambiwa amekuwa Zafarani.

"Anawataja wazee wetu," nikasema.

Wetu. Kama ningesema wake, huenda nisingeandika masimulizi haya.

Asubuhi ya pili yake, siku moja kabla ya karamu, tulikuwa barazani tunakunywa chai, sote isipokuwa Denise aliyekuwa kazini. Bi Ernestine alileta lile daftari na kalamu. Alisema hakulala vizuri kwa furaha. Yale majina aliyoyataja Tatu alitaka kuyaandika pamoja na ya watu wake, yawe yanasomwa kila mwaka. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake jina langu na la baba yangu.

"Faida," alisema. "Huyu ni bibi yako wa upande gani?"

Nassor aliweka kikombe chini. Tatu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anachambua mchele wa pilau, na mkono wake ukasimama juu ya sinia. Nikaona vizuri kinachotaka kutokea. Bibi yake, aliyenyang'anywa kwao na ukoo wangu, sasa nataka kumnyang'anya tena, niandikwe mimi ndiye mjukuu. Na Tatu asingesema kitu. Angechambua mchele. Ndivyo tulivyomfundisha.

"Si bibi yangu," nikasema. "Ni bibi yake Tatu. Sisi ndio tuliomnunua."

Hakuelewa, ikabidi niseme yote. Nilieleza nyumba, vibanda, Pangani, babu. Nilieleza kwamba Tatu si shangazi, na kwamba nimemleta kutoka Stockholm apike. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa, maana nilijua nikipumzika nitanyamaza.

Bi Ernestine alifunika kalamu. Aliziangalia gari mbili zikipita barabarani.

"Jana ulisimama pale ukalia," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamlilia nani?"

Nina miaka hamsini na mbili, nimeosha maiti za Waswidi na kuwafariji watoto wao kwa lugha ya kujifunza, na sikupata neno.

Hakunifukuza. Aligeuza kiti chake, mgongo wake ukanielekea mimi, akamgeukia Tatu. Alilikata jina langu kwa mstari mmoja, akamwomba Tatu amwandikishe herufi kwa herufi. Tatu alijifuta mikono, akaandika mwenyewe. Kisha Bi Ernestine akamwambia, "Wewe hutapika nyumbani kwangu."

"Nitapika," Tatu akasema. "Bi Salma kanileta nipike, hilo lake. Mimi nilikubali kuja kumpikia Nassor. Huyu nimemlea mimi. Siku anaoa atakula cha mkono wangu." Akarudia kuchambua. Halafu, kwa Kiswahili, bila kuniangalia: "Vitunguu viko ndani ya kikapu."

Nilikwenda nikavimenya, kilo saba. Nassor alikuja akakaa karibu yangu akamenya naye.

Karamu ilikuwa nzuri. Pilau ilikwisha, watu wa kanisani kwa Bi Ernestine wakafunga mabaki. Tatu alikaa meza ya wakubwa, katikati ya Bi Ernestine na Nassor. Mimi nilikaa nilipopangiwa, si mbali wala si karibu. Bi Ernestine alinihudumia kwa heshima yote ya mwenye nyumba, na hakunishika mkono tena.

Siku ya saba tulirudi. Katika ndege Tatu alivua viatu akalala. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayabeba mpaka Arlanda, nikayabeba ndani ya treni. T-Centralen, stesheni kuu ya treni za chini ya ardhi, mimi nilikuwa nashika njia ya kijani kwenda Hässelby, yeye ya buluu kwenda Hallonbergen. Nikasema, "Tatu, nisamehe."

"Umechoka, Bi Salma," alisema. "Nenda kapumzike." Akateremka ngazi na begi lake.

Wiki tatu hakupiga simu. Mwezi wa tano nilikuwa na hitima ya baba yangu, nikamwalika, nikasisitiza aje kama mgeni, akasema ana zamu hotelini. Watu walikula kuku wa kununua, wakaniuliza Tatu yuko wapi, kwa kuwa wali haukuwa wali. Jumapili iliyofuata nikafunga mlango, nikaenda Hallonbergen.

Nilipotoka stesheni nikasimama. Maghorofa yalikuwa mengi, yote yanafanana, na sikujua lake. Tatu anajua kila droo ya jikoni kwangu, anajua nilipoficha dhahabu ya mama, na mimi kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Ilibidi nimpigie simu kama mtu aliyepotea. Akateremka kunichukua, amevaa gauni la nyumbani na miwani ambayo sikujua kama anavaa.

Ghorofa ya tano. Nyumba safi, yenye maua dirishani. Ukutani picha ya Nassor, ya siku ya kwanza shule, ambayo sina. Tatu alinikalisha kwenye kochi, akaleta chai. Yangu ilikuwa tayari imetiwa maziwa na tangawizi, ninavyopenda. Nikainuka, nikamwambia akae, leo mimi nitamtilia. Akanitazama kidogo, akakaa. Nikamimina. Nikachukua kijiko, na hapo mkono ukanisimama juu ya kopo, kwa sababu sikujua.

"Sukari vijiko vingapi?" nikauliza.

"Sinywi sukari," Tatu akasema. "Nina kisukari, mwaka wa sita huu."

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi Spånga, katika nyumba ya wazee, na kila asubuhi napima sukari ya watu kumi na wanne, wote nawajua kwa majina. Na kila shughuli kwa miaka hiyo sita, Tatu akimaliza kuosha sufuria zangu, nilimfungia halua na visheti kwenye karatasi ya fedha, nikamwambia apeleke kwake, nikajiona mwema.

"Ulikuwa unavifanyia nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nashuka navyo kituo kimoja kabla," alisema, "nikiwagawia watoto. Kaa chini, Salma. Chai inapoa."